Taipei hadi Shanghai: kilomita 690, miaka 59

Chukua ramani ya Asia, weka rula kati ya Taipei na Shanghai. Utaona jambo la ajabu kidogo: miji hii miwili iko karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 121 na nusu Mashariki. Yaani ukiruka kutoka Taipei, ukaelekeza pua ya ndege kaskazini na usipinde kushoto wala kulia, utafika Shanghai. Katikati hakuna mlima wa kuzunguka. Ni maji tu.

Umbali wake kwa mstari ulionyooka ni kilomita 690 hivi. Kwa sisi wa huku, fikiria Dar es Salaam hadi Nairobi, ambayo ni kama kilomita 670. Unakwea pipa, unaletewa juisi na kipakti cha karanga, na kabla hujamaliza gazeti rubani anatangaza kwamba mnaanza kushuka. Ukiangalia ratiba za leo za Taipei na Shanghai, utakuta muda wa kati ya saa moja na nusu na saa mbili, ukijumlisha na ule wa ndege kuzunguka zunguka uwanjani. Safari ya kawaida kabisa.

Sasa ndugu msomaji, sikiliza hii. Kuanzia mwaka 1949 hadi tarehe 15 Desemba 2008, hakuna ndege ya abiria ambayo iliruhusiwa kupita kwenye mstari huo. Miaka 59. Binadamu alikwenda mwezini na kurudi, ndege za Concorde zikaanza kuruka na zikastaafu, lakini mtu wa Taipei aliyetaka kwenda Shanghai aliambiwa haiwezekani. Baadaye akaambiwa inawezekana, ila azunguke kwanza.

Hebu turudi nyuma tuone ilikuwaje.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 China ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe. Wakomunisti wa Mao Zedong walikuwa wanashuka kutoka kaskazini, na serikali ya Chama cha Kuomintang ya Chiang Kai-shek ilikuwa inakimbilia kisiwani Taiwan, kisiwa ambacho Japani ilikitawala kwa miaka 50 hadi ilipoishiwa nguvu mwaka 1945. Waliokimbia wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja: askari, watumishi wa serikali, walimu, wafanyabiashara, na familia zao. Wengi walipitia Shanghai kwa meli.

Meli moja haisahauliki kule. Inaitwa Taiping. Tarehe 27 Januari 1949, siku mbili kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, iliondoka Shanghai kwenda Keelung, bandari iliyo jirani na Taipei, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Ilikuwa inasafiri bila taa kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku. Karibu na visiwa vya Zhoushan ikagongana na meli ya mizigo, zote mbili zikazama. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 1,500 au zaidi, na waliookolewa na meli ya kivita ya Australia walikuwa makumi machache tu. Nimeanza na hiyo meli ili ujue kwamba kile kipande cha maji si maji tu kwa watu wa pande zile. Kuna watu waliokipita mara moja katika maisha yao, wakiwa na miaka 18 au 20, wakidhani watarudi nyumbani baada ya mwaka mmoja au miwili vita vikiisha.

Tarehe 1 Oktoba 1949 Mao akatangaza Jamhuri ya Watu wa China mjini Beijing. Desemba mwaka huo huo Chiang akapanda ndege Chengdu na kwenda Taiwan, hakurudi tena hadi anakufa mwaka 1975. Kila upande ukajiita serikali halali ya China nzima. Anga ikafungwa.

Hapo katikati kuna kisa cha ndege ambacho nakipenda sana. Mashirika mawili ya ndege ya China ya wakati ule, CNAC na CATC, yalikuwa yamehamishia ndege zao Hong Kong, koloni la Mwingereza, kukwepa vita. Tarehe 9 Novemba 1949, wakuu wa mashirika hayo wakageuka. Ndege 12 zikaruka kutoka Hong Kong, watu wakidhani ni safari za kawaida, zikaenda kutua Beijing na Tianjin kwa Wakomunisti. Zikabaki Hong Kong ndege 71. Je, ni za nani? Beijing ilisema ni zake. Taipei ikasema tumeshaziuza kwa kampuni ya Kimarekani ya Jenerali Claire Chennault. Kesi ikapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka kwenye Baraza la Faragha kule London, na mwaka 1952 Chennault akashinda. Kumbuka jina Hong Kong. Tangu siku ya kwanza lipo kwenye hadithi hii, na litaendelea kuwepo.

Kwa miongo mitatu iliyofuata hakukuwa na cha kusimulia kuhusu usafiri, kwa sababu usafiri haukuwepo. Hata barua hazikwenda. Mwenye jamaa Hong Kong au Marekani alimtumia barua, na yule jamaa akaiweka kwenye bahasha nyingine na kuipeleka bara. Kisiwa kidogo cha Kinmen, kilicho chini ya Taiwan lakini kimepakana kabisa na mji wa Xiamen, kilikuwa kinapigwa mizinga kutoka bara kwa zamu, siku moja ndiyo, siku ya pili hapana. Hali hiyo iliendelea hadi tarehe 1 Januari 1979. Siku hiyo Beijing ilinyamazisha mizinga na kutoa ujumbe kwa watu wa Taiwan, ikiomba zifunguliwe posta, biashara na uchukuzi. Mambo hayo yakaja kuitwa viungo vitatu. Jibu la Taipei, chini ya Chiang Ching-kuo, mtoto wa yule mzee, lilikuwa hapana tatu: hakuna kuonana, hakuna kuzungumza, hakuna kupatana.

Usidhani Taipei walikuwa wakaidi bure. Hebu jiweke kwenye kiti chao. Ndege ya abiria inatumia saa moja na ushee kutoka Shanghai, ndege ya kivita inatumia muda mfupi zaidi. Ukifungua njia ya anga ya moja kwa moja, rada zako zitajuaje kama hicho kinachokuja kasi ni watalii au ni mabomu? Halafu kuna swali lingine gumu zaidi, la jina. Ndege ya Taipei kwenda Shanghai ni ya ndani ya nchi au ya kimataifa? Ukisema ya kimataifa, Beijing inakasirika, maana kwao Taiwan ni mkoa. Ukisema ya ndani, Taipei inakuwa imekubali kwamba yenyewe ni mkoa. Jamani, tiketi tu! Lakini ndiyo hivyo, ubao wa uwanja wa ndege ni siasa.

Ukuta ulianza kupata ufa kwa namna ambayo hakuna mwanadiplomasia angeipanga. Tarehe 3 Mei 1986, ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 ya China Airlines (usichanganye, China Airlines ni ya Taiwan, ile ya Beijing ni Air China) ilikuwa inatoka Bangkok kwenda Hong Kong. Nahodha wake, Wang Hsi-chueh, aliyewahi kuwa rubani wa jeshi la anga la Taiwan, akawadhibiti wenzake wawili, akageuza ndege na kutua Guangzhou. Akasema anataka kuishi China na kuwa na ndugu zake.

Taipei ikawa kwenye mtego. Sera inasema hakuna kuzungumza. Lakini 747 ni ndege ya bei mbaya, na wale wafanyakazi wawili wanataka kurudi kwao. Wakajaribu kupitia kwa watu wa kati, Beijing ikagoma: njooni wenyewe. Mwishowe yakakutana mashirika ya ndege, si serikali, ndivyo walivyosema, na kikao kikafanyika wapi? Hong Kong. Ndani ya siku chache wakaelewana, ndege na wale wawili wakakabidhiwa uwanja wa Kai Tak. Yalikuwa mazungumzo ya kwanza ya ana kwa ana kati ya pande hizo yaliyofanyika hadharani tangu 1949, na kilichowaleta mezani ni rubani aliyekuwa na hamu ya kwao.

Lakini waliosukuma zaidi, kwa maoni yangu, ni wale vijana wa 1949 ambao sasa walikuwa wazee. Askari aliyevuka akiwa na miaka 20 alikuwa na miaka 58 mwaka 1987. Wengi hawakuoa Taiwan, wengine waliacha wake na watoto bara. Mwaka huo wakaanza kuandamana mitaani Taipei, wengine wakiwa na fulana zilizoandikwa kwamba wamekumbuka nyumbani. Julai 1987 sheria ya kijeshi iliyodumu miaka 38 ikaondolewa. Na kuanzia Novemba, Chiang Ching-kuo, akiwa mgonjwa na akiwa amebakiza wiki kama kumi za kuishi, akawaruhusu watu wenye ndugu wa karibu bara waende kuwaona. Maombi yalipokewa na Chama cha Msalaba Mwekundu tarehe 2 Novemba, na watu walifurika kuanzia alfajiri.

Ruhusa ya kwenda ilipatikana. Ruhusa ya kwenda moja kwa moja, hapana. Na hapa ndipo hesabu ya kilomita inapokuwa kichekesho kichungu.

Taipei hadi Hong Kong ni kama kilomita 800, kuelekea kusini magharibi. Hong Kong hadi Shanghai ni zaidi ya kilomita 1,200, kurudi kaskazini. Jumla zaidi ya 2,000, mara tatu ya ule mstari wa rula. Ni sawa na mtu anayetaka kwenda kaskazini kuambiwa atangulie kusini. Unashuka Hong Kong, na kama ni enzi za Kai Tak ndege inapita juu kidogo ya mapaa ya maghorofa ya Kowloon. Unasubiri. Unapanda nyingine. Ukiunganisha vizuri unafika jioni, usipounganisha unalala. Safari ya saa moja na nusu inakula siku nzima. Sasa weka hapo mzee wa miaka 60 na kitu, amebeba pete za dhahabu za kuwagawia wapwa ambao hajawahi kuwaona, na hajui kama mama yake yuko hai. Wengi walikuta makaburi. Wengine walikuta mke ameolewa na mtu mwingine miaka 30 iliyopita, na hakuna wa kulaumiwa.

Hong Kong ilineemeka, lazima tuseme. Njia ya Hong Kong na Taipei ikawa miongoni mwa zenye abiria wengi kuliko zote za kimataifa duniani, ingawa wengi wao hawakuwa na shida yoyote na Hong Kong yenyewe. Kuanzia miaka ya 1995 na 1996 Macau nayo ikapata mgao: uwanja wake mpya ukafunguliwa, na Air Macau ikaja na ujanja wa kubadilisha namba ya safari tu. Ndege ile ile, kiti kile kile, ila ukitoka Macau unakuwa uko kwenye safari nyingine kabisa. Kila upande ukajifanya haujaona.

Na kuna kejeli nyingine ambayo huwa hawaiandiki kwenye vipeperushi vya utalii. Mwaka 1993 ndege kumi za China zilitekwa nyara na kupelekwa Taiwan. Kumi, mwaka mmoja! Watekaji walifungwa, ndege na abiria wakarudishwa. Maana yake ni kwamba kwa miaka hiyo, namna pekee ya abiria wa bara kuruka moja kwa moja hadi Taiwan ilikuwa ndege yao itekwe.

Huzuni pia ilikuwepo kwenye mzunguko huo. Tarehe 25 Mei 2002, ndege ya China Airlines namba 611 kutoka Taipei kwenda Hong Kong ilivunjikia angani karibu na visiwa vya Penghu. Watu wote 225 walikufa. Chanzo kilikuwa mkia uliogonga ardhi Hong Kong mwaka 1980 na kufanyiwa ukarabati mbovu, kwa hiyo siwezi kuilaumu siasa. Lakini baadhi ya abiria walikuwa watalii wanaoelekea China bara.

Kufikia hapo wazee hawakuwa peke yao tena. Wafanyabiashara wa Taiwan walikuwa wamehamia Shanghai na miji jirani kama Kunshan kwa wingi, wakijenga viwanda vya kompyuta na vipuri. Mwenye kiwanda hana subira kama ya mzee. Muda kwake ni hela. Hao ndio waliopata upenyo wa kwanza: tarehe 26 Januari 2003, ndege ya China Airlines ilitoka Taipei, ikatua Hong Kong kama ilivyoagizwa, ikaruka tena na kutua Pudong, Shanghai, kuwachukua wafanyabiashara na familia zao kwa ajili ya Mwaka Mpya. Ilikuwa ndege ya kwanza ya abiria ya Taiwan kutua bara kihalali tangu 1949. Mwaka 2004 hawakuelewana, hakukuwa na kitu. Mwaka 2005 wakarudi, mara hii ndege za pande zote mbili, na hazikulazimika kutua Hong Kong. Zililazimika tu kupita kwenye anga yake. Yaani rubani anakwenda kusini, anagusa anga ya Hong Kong kama mtu anayegusa goli katika mchezo wa watoto, halafu anageuka kaskazini. Mafuta yanaungua, saa inakwenda, heshima ya kila mtu imelindwa.

Mei 2008 Ma Ying-jeou wa Kuomintang akaapishwa kuwa rais wa Taiwan, na mambo yakaenda mbio. Tarehe 4 Julai zikaanza ndege za kukodi za wikiendi. Ya kwanza ilitoka Guangzhou, na aliyeshika usukani alikuwa Liu Shaoyong, mwenyekiti wa China Southern mwenyewe. Bado zilipita anga ya Hong Kong. Novemba wakatia saini makubaliano Taipei, huku nje waandamanaji wakipambana na polisi, maana si kila mtu kisiwani alifurahi. Na tarehe 15 Desemba 2008 mstari ukanyooka. Njia mpya ilipita kaskazini mwa Taiwan, juu ya Bahari ya China Mashariki. Taipei hadi Shanghai ikapungua kwa zaidi ya saa moja, ikabaki dakika 80 na kitu angani. Siku hiyo hiyo meli na posta navyo vikafunguliwa. Viungo vitatu, miaka karibu 30 baada ya kuombwa.

Yule askari wa miaka 20 alikuwa sasa na miaka 79, kama aliifikia.

Baada ya hapo ikawa kama vile haijawahi kuwa tatizo. Agosti 2009 zikaingia ratiba za kawaida badala ya ndege za kukodi. Juni 2010, Shanghai ikiwa na maonyesho yake makubwa ya dunia, ikafunguliwa njia ya Songshan hadi Hongqiao, viwanja viwili vilivyo ndani ya miji yenyewe. Mtu akaweza kunywa chai nyumbani Taipei, kufanya kikao Shanghai na kurudi kulala kwake.

Lakini kilichofunguliwa kwa saini hufungwa kwa saini. Agosti 2019 Beijing ilisimamisha vibali vya watalii binafsi kwenda Taiwan. Februari 2020, kwa sababu ya korona, safari zikabanwa na kubaki miji michache tu, Shanghai ikiwemo, na nyingine hazikuanza kurejeshwa hadi 2023. Ugomvi sasa umehamia kwenye njia nyingine ya anga, inayoitwa M503, ambayo China iliifungua mwaka 2015 kandokando ya mstari wa katikati wa mlangobahari. Mwanzoni ilikubali kuisogeza maili sita za baharini upande wake, na Februari 2024 ikaondoa kusogeza huko. Taipei ililalamika kwa hoja ile ile ya miaka ya 1980: tutajuaje ni watalii?

Songshan na Hongqiao bado zinaunganishwa kila siku. Na lile swali la ndege ya ndani au ya kimataifa? Halijajibiwa hadi leo. Kwenye viwanja vya Taiwan wameliwekea kundi lake la tatu: kuna safari za ndani, kuna za kimataifa, na kuna za "kingo mbili", kama vile baharini pale ni mto tu, na abiria anavuka kwenda ng'ambo.